Vile Nilichambua Mbegu ya Bibi Yangu

Bana-masomo ya kilimo, mulinitumia karatasi ya maulizo, mukaniomba nijibu kwa kuandika, kwa sababu masikio yangu imekuwa nzito. Mulitaka kujua namna mutu anakuwa agronome, fundi wa kilimo, namna ya kupima mulima, namna ya kuzuia udongo isichukuliwe na mvua. Nilianza kujibu muzuri tu. Kiisha nikafika ku ulizo ya mwisho: « Muzee, kisha kuacha kazi, kisha retraite, ulitaka nini? » Nikaweka bic, kalamu yangu, chini, nikatoka inje, nikazunguka mu ndizi mpaka bibi, muke yangu, akaniuliza kama tumbo inaniuma.

Donc, basi, ile ingine yote mutaisoma mu vitabu. Mi nitajibu hii moja. Musitafute mambo ya kujisifu humu ndani, hakuna.

Kwa bale hawanijue: nilikuwa agronome ya Leta, ya serikali, zaidi ya miaka makumi tatu. Nilianzia Kanyabayonga, nikapelekwa Manguredjipa kwenye batu balikuwa banaacha jembe juu ya zahabu, nikamalizia Beni, mu bureau, ofisi moja ya Bungulu yenye mvua ilikuwa inaingia sana kuliko balimaji. Batu hawakuniita kwa jina. Balikuwa bananiita Agro, hata padri, hata mama mukwe yangu. Nilikuwa na bottes, viatu virefu ya mpira, kinga, ni kusema baiskeli, ya kutembelea, kamba yenye mafundo ya kupima mistari, na kitabu kidogo ya amende, ya faini. Bamama balikuwa banaangalia ile kitabu kwanza, kiisha njo banaangalia sura yangu.

Sheria yangu ilikuwa fupi: maharagi ya aina moja, mu mistari, kamba imenyooka. Bamama ya milima yetu balikuwa na desturi ingine. Banapanda muchanganyiko: nyekundu, nyeupe, nyeusi, ya madoadoa, kubwa na ndogo, yote mu shamba moja. Mi niliona ni uchafu, niliwaandikia amende. Kule Kanyabayonga niling’oa maharagi ya mama moja na mikono yangu, mbele ya batoto yake, juu nilihesabu rangi sita. Yeye alikuwa anaokota tu nyuma yangu. Sijui jina yake, ile siku sikumuuliza.

Mukubwa yangu wa kwanza alikuwa Muzee Mbusa, agronome wa zamani sana, mufupi, mwenye kupenda kula. Alikuwa ananiambia: « Kijana, mbele ya kumufundisha mama kulima, kula kwanza mu nyungu yake. Uone anapikaka nini. » Mi nilifikiri ni njaa yake inasema. Tena alikuwa anasema: « Mama akikuitikia ‘ndiyo Agro’ mara tatu, ujue umesema bujinga. » Nilikuwa nacheka. Mi balikuwa bananiitikia hata mara tano, na ndani ya roho nilikuwa nafurahi, nasema eh, hawa batu bananisikia.

Kumbe balikuwa banapanda mistari ku kando ya barabara, kwenye kinga yangu inapita. Nyuma ya kilima, kila mutu na muchanganyiko yake. Ni bibi yangu, Anastasie, njo aliniambia, nilipokuwa nimekwisha kuacha kazi. Alicheka mpaka akatua nyungu chini.

« Hata weye? » nikamuuliza.

« Mi nilikuwa wa kwanza, Papa Mumbere. »

Anastasie njo alilea batoto yetu saba, tangu Mumbere mpaka Kavugho, na shamba moja, hapa ku kilima ya Butembo, wakati mi niko natembezwa na Leta huku na kule. Nilikuwa nakuja ku konji, ku likizo, nakula, naongea maneno ya mbolea, narudi. Nilipopata karatasi ya retraite, mbele kidogo ya vita ya kwanza ya hizi mbili za karibu, nikarudi nyumbani kabisa. Asubui ya kwanza nilivaa bottes. Nilimaliza kunywa chai, nikasimama mu rupango, mu kiwanja ya nyumba, sikujua niende wapi. Nikaenda kukagua kuku.

« Papa Mumbere, » bibi akaniita kutoka jikoni, « kuku hazina rapport ya kukupatia. »

Mutacheka, mais lakini ilikuwa mubaya. Siku nzima hakuna mutu alisema Agro. Ku barabara batu balinisalimia « Wavukire, tata », muzuri tu, vile banasalimia muzee yoyote, na bakaendelea na njia yao. Juma ya pili nikamuambia Anastasie nataka kulima. Nilisema vile juu ni jibu muzuri ya agronome. Kweli sikutaka kulima. Nilitaka batu bakuje kuniuliza. Nilikuwa na njaa ya kuulizwa, na sikuwa na namna ya kusema ile kitu kwa mutu, hata kwa Mungu.

Nikashika jembe. Bana-masomo, nilikuwa nafundisha jembe miaka yote ile, na mbele ya saa sita mikono yangu ilikuwa imepasuka yote mbili. Mama Katungu, jirani yetu wa shamba, mujane mwenye ulimi, alisimama ku mupaka akaniangalia. « Agro, » akasema, « ile hapana bic. Ukiikamata vile haitaandika. » Bamama bote bakacheka, na mi nikacheka. Moyoni nilikuwa nimechomwa.

Vita ya kwanza ilipita. Ya pili ikakuja na haikupita. Bureau yetu ya Beni ikaporwa. Siku moja nilinunua karanga ku soko, nikafungua karatasi nikaona signature, sahihi yangu. Ilikuwa rapport, taarifa yangu juu ya maharagi nyekundu, ile mbegu kubwa, nzuri, tuliyokuwa tunaisifu sana kwa balimaji. Nilikula zile karanga nikiisoma, nikaona niliandika muzuri sana. Njo namna nilikuwa.

Wakati ile, Kavira, mudogo ya Anastasie, akakimbia kutoka pande ya Beni na batoto yake, akafikia kwetu. Tukawa batu kumi na moja mu nyumba. Bale benye shamba ya mbali balikuwa banaogopa kwenda, juu basoda, askari, bako mu njia. Shamba yetu ilikuwa karibu, donc yote yenye kuingia mu nyungu ilitoka pale, na kwetu maharagi njo nyama ya siku zote.

Sasa sikieni muzuri juu ya ile mbegu. Anastasie alikuwa nayo mu vibuyu tatu, inatundikwa juu ya jiko, mu moshi, wadudu wasiingie. Mama yake alimupatia siku anaolewa. Kwao mama hatumake binti yake mikono mitupu. Anamujazia kibuyu ya mbegu, na yeye aliipata kwa mama yake vilevile. Wakati ya vita ya zamani, mi na Anastasie tungali batoto, ile mama alikimbia nayo mu pori, ameifunga ku tumbo ndani ya kitenge. Balikula majani na mizizi, batoto banalia njaa, na ye hakupika hata moja. Ile habari Anastasie alikuwa ananipasha tangu tulipooana. Nilikuwa naitikia. Nilikuwa naona ni hadisi ya banamuke.

Mwezi wa nane ilikuwa inaisha. Habari ikafika: shangazi yao amekufa ku Beni. Anastasie na Kavira bakaamua kwenda ku matanga, vita ao hapana vita. Asubui ya kuondoka, Anastasie akanionyesha vibuyu.

« Mvua ikianza mbele turudi, upande. Panda vile iko. Hapana gusa kitu. »

« Ndiyo, » nikasema.

« Papa Mumbere, umenisikia? »

« Ndiyo, ndiyo. »

Bakaenda. Barabara ikafungwa nyuma yao, na mvua ikaanza mapema. Nikashusha vibuyu. Nikamwaga mbegu yote juu ya mukeka, na nilipoiona vile, rangi kama kumi, mikono yangu ikaanza yenyewe. Sitadanganya niseme ni shetani. Nilikuwa na furaha. Nilisema mu roho: sasa bataona kazi ya mutu alisoma.

Siku tatu nilichambua. Nyekundu kubwa upande huu. Nyeusi ndogo, ile kavu, mbaya, upande ule. Manjano. Ya madoadoa. Na moja ya rangi ya majivu, ndogo, yenye sura ya kokoto, ilikuwa kidogo tu, pengine bakuli moja. Nyekundu nikaweka ya kupanda, nikaongezea ingine nyekundu nilitafuta ku soko. Ile yote ingine nikapeleka jikoni. Tuliipika siku ine mufululizo. Batoto ya Kavira balishiba wakanisifu, na mi nilikula, nikajipangusa midomo.

Nikatoa kamba yangu. Nikapanda mistari ya ajabu. Batu balisimama ku njia, « Agro, ni muzuri! Agro, wasingya, asante! » Na mi nasimama katikati ya shamba na bottes yangu, naeleza. Kama munaniuliza ni wiki gani nilifurahi sana tangu retraite, ni ile. Njo kitu inanipatia haya mpaka leo kuliko hata yenye ilifuata.

Mama Katungu alikuja ku mupaka. Aliangalia mistari, moja moja.

« Agro, ile nyeusi iko wapi? »

« Mu nyungu, mama. »

« Na ile ya majivu? »

« Nayo. »

Akasema: « Ndiyo, Agro. Ndiyo, ndiyo. » Akaenda kwake.

Maharagi ilitoka muzuri. Wiki tatu nilikuwa chef, mukubwa. Kiisha mvua ikakataa kuacha. Majani ya chini ikaanza kuwa manjano. Nikasema ni mbolea inakosa. Nikang’oa moja: muzizi ilikuwa imeoza, nyeusi, inanuka. Nikang’oa ingine. Nilijua ile ugonjwa. Niliifundisha! Aina moja ikishikwa, inashikwa yote, juu yote iko na damu moja. Niliandika ile sentensi ku tableau, ku ubao, mara ngapi? Mu wiki mbili tu shamba ilikwisha, mustari kwa mustari, imenyooka muzuri mpaka ku mwisho.

Ya Mama Katungu nayo iliguswa. Nyekundu yake ilikufa, nyeupe ilikufa. Mais nyeusi ndogo ilisimama, na ya madoadoa nusu. Yeye hakufurahi wala hakuhuzunika, alikuwa anapalilia tu yenye ilibakia. Nikamufuata. Nilikuwa na hasira, mujue, nilikuwa natafuta mutu wa kumubebesha kosa.

« Mama Katungu, ulijua! Juu ya nini hukuniambia? »

Akanyoosha mugongo. « Agro, miaka yote ile ulikuwa unatuandika amende. Nani alikukatalia siku moja akabakia salama? Tulisha zoea. »

« Mais mi si Agro tena! Niko mu retraite! »

« Eh, » akasema. « Na ile bottes? »

Nilirudi nyumbani, nikakaa nyuma ya nyumba kwenye hakuna mutu ananiona. Miaka makumi tatu nilifikiri batu bananiheshimu. Balikuwa bananyamaza tu. Nilikuwa nimewafundisha kunyamaza vile muzuri, hata siku yenye kunyamaza ilikuwa ya kutuua na njaa, walinyamaza.

Anastasie na Kavira balirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, bamepita barrière, vizuizi ya basoda, sijui ngapi, banaporwa vitenge. Hakuingia nyumbani kwanza. Alipita moja kwa moja ku shamba. Mi nilikuwa pale, naondoa bikufi, maharagi yenye ilikufa. Aliangalia mistari. Hakuniuliza juu ya nyekundu.

« Nyeusi? »

« Tulikula. »

« Ya majivu? »

« Tulikula, Mama Mumbere. »

Akakaa chini, mu matope, na muzigo ingali ku kichwa. Kavira njo alimutua. Nilingojea matusi. Ningependa matusi. Alikaa tu, na mikono juu ya magoti, akasema polepole: « Mama alikuwa na njaa. Mama alikuwa na njaa kweli, na hakuipika. »

Basi. Tangu ile siku mpaka leo hajarudilia ile neno. Hana lazima, mi narudilia mwenyewe.

Kwetu mwanamuke akikosa mbegu, anapita kwa majirani na kitunga, kila mutu anamupatia kiganja. Hakuna haya ndani, kama wadudu wamekula ao basoda wamepora. Mais Anastasie alikuwa mutu wa kuombwa, hakuwa wa kuomba. Asubui niliona amechukua kitunga. Nikamunyang’anya.

« Mi nitaenda. »

« Mwanaume haendake kuomba mbegu. Batacheka. »

« Bacheke. »

Nikavua bottes, nikaenda miguu mitupu, kilima muzima, nyumba kwa nyumba. Na kila mulango, mutu anauliza: wadudu? Hapana. Basoda? Hapana. Basi ni nini? Na mi nasema: « Nilipika mbegu ya bibi yangu. » Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya tano ilitoka. Kuko mama alicheka mpaka akakamata mulango. Kuko mwingine alisema, « Agro, ulisha nikamata amende mbili juu ya hii hii nyeusi, » na akanipatia viganja viwili, moja kwa kila amende, akiniangalia mu macho. Nilisema wasingya, nikainama. Ile siku nilijua majina ya bamama ya kilima yangu, juu niliuliza kila mutu jina yake.

Mama Katungu alinipatia ya mwisho. Alichota nyeusi mu kibuyu yake, akasema: « Hii ni ya kwenu. Anastasie alinipatia mwaka mume yangu alikufa. Inarudi tu. » Karibu nilie pale. Nikauliza ile ya majivu. Akatikisa kichwa. Ile alikuwa nayo Anastasie peke yake, hakuna mwingine ku kilima.

Tulipita ile musimu vibaya. Tulikula mihogo yenye Kavira alipata kwa kulimia batu bengine, tulikula mara moja kwa siku, na batoto hawakunisifu tena. Hakuna mutu alikufa, Mungu asifiwe, mais musiniambie « haina neno ». Musimu ya kufuata Anastasie akapanda. Alinipatia kazi: mi natoboa shimo, ye anatia mbegu. Nikitoboa vibaya ananiambia, « Hapana vile, » na mi narudilia. Polepole na bengine bakaanza kuniambia hapana. Siku moja Mama Katungu alipiga kelele kutoka ku mupaka, « We muzee, unakanyaga maboga! » na nilisikia furaha, kweli furaha, mpaka nikakanyaga ingine.

Njo hapo nilianza kuelewa ulizo yenu. Kisha retraite, munafikiri munataka kazi ingine, ao cheo, ao kupumzika. Mi nilitaka batu banisikilize. Nilikosea hata kitu ya kutaka. Ilinifaa kutaka mutu wa kuniambia hapana, na ile haipatikanake siku unaacha kazi, inatafutwa ungali na bic mukononi. Muzee Mbusa aliniambia, na nilifikiri ni njaa. Majuto ni mujukuu.

Kiisha Kavugho, muziwanda yetu, akapata bwana wa Kanyabayonga. Vita ilikuwa ingali. Bakwe bakakuja, tukakula kidogo yenye ilikuwa, na mbele ya kuondoka, mama yake akamukalisha ku mukeka na kibuyu mupya. Akaanza kumuhesabia mbegu mu kiganja, moja moja, mbele ya bamama bote: hii ya jua kali, hii ya kuiva haraka wakati munakimbia-kimbia, hii ya kuuza, hii nyeusi ya udongo muchovu. Akamaliza. Akasema: « Kulikuwa na moja ya majivu, ya wakati mvua inakataa kuisha. Ile sina ya kukupatia. »

« Juu ya nini, mama? » Kavugho akauliza. Wakati ya ile mambo ya mbegu alikuwa masomoni, hakujua kitu.

Anastasie hakuniangalia vibaya. Alisogea tu kidogo ku mukeka, akaniachia nafasi ya kukaa.

Nikakaa. Nikaeleza yote mbele ya bakwe, tangu vibuyu mpaka nyungu. Hakuna mutu alicheka. Kavugho akafunga kibuyu yake na kitambaa, akasema: « Donc tutaitafuta, papa. »

Ile njo kazi yangu sasa. Nilipita ku soko ya Beni, ya Lubero, ya Kanyabayonga, nafungua mifuko ya bamama, naweka mukono ndani, nauliza. Bananijua: muzee wa majivu. Sijaipata. Magoti imeanza kukataa, na Kavugho naye bado anatafuta pande yake.

Muko vijana, mutatumwa mbali kuliko mi. Mukiiona kwa mama fulani, ndogo, sura ya kokoto, rangi ya majivu, musimuambie ni nani aliwafundisha. Mukae chini, mumuombe kiganja moja, muniletee. Bibi yangu angali hai.